Mtoto Anayehama si Mtoro

Katika rejesta ya mahudhurio ya shule moja ya msingi kusini mwa Tabora, palikuwa na jina la mvulana wa darasa la tatu lililokatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni yake liliandikwa neno moja: mtoro. Mvulana yule hakutoroka. Baba yake, mfugaji wa Kisukuma, alihamisha ng'ombe kufuata maji na majani, na mke na watoto wakafuatana naye. Aliyelikata jina lile ni mimi, mwalimu wake wa darasa.

Tangu hapo nimezisikia hoja zilezile juu ya watoto wanaohama, kwenye vikao vya kamati ya shule, ofisi ya kata, hata ndani ya basi la Sikonge. Nazijibu hapa kwa sababu nami niliwahi kuziamini.

Ya kwanza ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: Wasukuma wa maporini na Wataturu hawataki shule, wao ni ng'ombe tu. Siku mbili kabla ya kuondoka, baba wa mvulana yule alikuja ofisini. Alibeba madaftari manne ya mwanawe ndani ya kiroba cha mbolea, yamefungwa kamba ya katani ili yasikunjike. Akaomba barua ya uhamisho. Nikamuuliza, mtoto anahamia shule gani? Akasema hajui bado, watasimama penye majani. Fomu ilikuwa na mstari wa jina la shule aendako, nasi tulikuwa na desturi ya kutotoa fomu ambayo haijajazwa yote. Nikamwambia akishajua arudi. Arudi kutoka wapi, na kwa nauli ya nani? Akasema ahsante mwalimu, akachukua kiroba chake akaenda. Asiyetaka shule haji kuomba barua.

Wapo wanaosema kwa upole zaidi: tatizo ni kuhamahama, watulie kwanza mahali pamoja, elimu itafuata. Neno hilo likisemwa Tabora linanishangaza, maana mji huu umejengwa na watu wa safari. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kiangazi na kujitahidi kurudi mvua za kulima zinapoanza. Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857 mji ukiitwa Kaze, aliandika kwamba watoto wa miaka sita au saba walibeba vipande vidogo vya pembe za ndovu. Ni umri uleule tunaowaandikishia darasa la kwanza. Safari ilikuwa na majira yake na vituo vyake, na mtoto alijifunza akiwa njiani.

Wanaohama leo nao wana majira. Tazama watoto wa vibarua wa tumbaku kule Urambo, Kaliua na Sikonge. Familia huja shambani kwa tajiri kabla ya mvua, wakati wa vitalu vya miche, na wengi huondoka tumbaku ikishauzwa na hesabu kufungwa, katikati ya mwaka unaofuata. Mwaka wa shule unaanza Januari na kuisha Desemba. Kwa hiyo mtoto huyu hukatiza mwaka mmoja kwa kuja na mwingine kwa kuondoka, bila kuumaliza hata mmoja mahali alipouanza. Ratiba ya tumbaku inajulikana kwa kila chama cha msingi na kila mwalimu wa eneo hilo. Jambo linalotokea kila mwaka kwa wakati uleule haliwezi kuitwa dharura, nasi bado tunalipokea kana kwamba limetushtukiza. Na kuwatuliza watu kulishajaribiwa. Operesheni Vijiji, iliyowakusanya watu katika vijiji vya pamoja, ilileta shule nyingi, na hilo ni jema kubwa, lakini ng'ombe aliendelea kuhitaji majani yalipo.

Elimu ni bure tangu 2016, huendelea kusema wengine, kisingizio kimekwisha. Ada imeondoka, kweli, lakini umbali umebaki. Serikali yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 3,000 nchini kwenye shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Nimeona shule shikizi ikibadilisha kitongoji kizima. Ila nyingi huishia madarasa ya chini, na hapo mtoto wa miaka tisa hutakiwa kukata pori peke yake hadi shule mama.

Hoja inayoniuma kuliko nyingine ni ile ya chumba cha walimu: watoto wa machungani ni wazito. Mvulana wangu alikuwa akinyamaza nikimuuliza ubaoni 37 kujumlisha 28. Jioni moja nilipita kwao, ng'ombe wakiingia zizini. Alisimama langoni, hakuhesabu kwa kidole wala kwa mdomo, akamwambia baba yake kwa Kisukuma kwamba ndama mmoja, mwenye baka jeupe pajani, hayumo. Ng'ombe walizidi sitini. Kesho yake nikaiuliza hesabu ileile kwa ng'ombe wa nyumba mbili waliochanganyika kwenye lambo, na mwenzake akaitafsiri kwa Kisukuma. Akajibu kabla sijamaliza kuandika. Uzito ulikuwa kwenye Kiswahili changu cha ubaoni. Kwa mtoto wa Kitaturu, ambaye lugha ya nyumbani si ya Kibantu kabisa, ukuta huo ni mrefu maradufu.

Na anayedhani kuchelewa kuanza ni mwisho wa safari amkumbuke mvulana wa Butiama aliyechunga mifugo ya baba yake hadi umri wa miaka 12, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Miaka mitatu baadaye alikuwa hapa kwetu, Tabora School. Julius Nyerere alikuwa mtoto wa mtemi na alikuwa na akili za pekee, nakubali. Lakini mlango uliomruhusu kuingia akiwa amechelewa ndio uleule ambao MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulikusudiwa kuwafungulia wengine.

Kuhusu kuwatoza wazazi faini, nitasema machache. Sheria ya Elimu ya 1978 inamlazimu mzazi kuhakikisha mtoto anahudhuria shule, na kwa anayemwozesha binti au kumfanya mtoto kibarua, itumike kwa nguvu zote. Kwa anayehama, faini inamfundisha kitu kimoja tu: akifika pahali papya asijitokeze kwa mtendaji.

Kisha huja hoja ya kukata tamaa, kwamba hakuna nchi iliyoweza. Karamoja, Uganda, mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa ABEK wa kuwafundisha watoto wa wafugaji asubuhi na mapema na jioni, kwa saa zinazopisha machunga. Kenya iliweka baraza la elimu ya wahamaji katika sheria yake ya elimu ya 2013. Uingereza, watoto wa Wajipsi, Waroma na jamii nyingine za wasafiri bado wana matokeo ya chini kuliko makundi mengine yote, na sitaificha hali hiyo. Lakini huko mtoto anaposafiri na wazazi kikazi, rejesta ina herufi yake, T, na anaweza kuandikishwa shule mbili huku ya nyumbani ikimtunzia nafasi. Mwalimu wa huko ana alama ya kuandika. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu.

Nasi chombo tunacho. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake katika mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani. Mzazi apewe namba hiyo kwenye karatasi yenye muhuri, pamoja na ukurasa mmoja wa mwalimu: mtoto anasoma nini, amefika wapi, anazungumza lugha gani. Mstari wa shule aendako uachwe wazi, ujazwe na mwalimu atakayempokea, siku ambayo baba atafungua kiroba na kuyatoa madaftari.