Mateka akitoroka, anakimbilia kwa nani?

Bomu likianguka karibu na kambi ya ADF, mambo mawili yanatokea mara moja. Wenye bunduki wanatawanyika kutafuta maficho, na wale wanaowabebea mizigo, waliokamatwa shambani au njiani, wanabaki dakika chache bila mtu wa kuwachunga. Tangu majeshi ya Congo na Uganda yaanzishe operesheni Shujaa tarehe 30 Novemba 2021, mateka wengi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walipona kwa nafasi za namna hiyo. Habari ikifika mjini inakuwa fupi: mateka kadhaa wameponyoka, wako mikononi mwa jeshi, watarudishwa kwa jamaa zao. Watu wanamshukuru Mungu na kupita kwa habari nyingine.

Kuna watu ambao habari hiyo haiwataji kamwe. Ni wale waliokuwa na dakika zile zile, wakaona kijia kile kile, na hawakukimbia.

Si wajinga. Wala hawakugeuka kuwa waasi, kama wengine wanavyopenda kusema mbele ya chupa ya bia huko Beni na Butembo. Walifanya hesabu, na hesabu yao haikuhusu msitu peke yake.

Mtu aliyewahi kuwasikiliza waliorudi anaweza kuyawaza mabishano hayo bila shida. Yanafanyika kwa sauti ya chini, chini ya shitingi, au mtoni wakati wa kuchota maji. Aliyekamatwa juzi anataka kwenda leo leo. Bado ana nguvu miguuni, bado anakumbuka jua lilikuwa upande gani alipoingizwa porini. Tena amesikia jogoo, na penye jogoo pana kijiji. Mama aliyeko huko tangu msimu mwingine wa kakao anamjibu: mwanangu, hawa nao wameiba kuku za watu, jogoo huyo anaweza kuwa wao. Mzee mmoja anasema wafuate maji, kwa sababu kila kijito kinateremka hadi Semuliki au Ituri, na kwenye mto mkubwa hakukosi mvuvi. Mwingine anauliza: na mvuvi huyo, papa, atajuaje kwamba sisi si wao?

Halafu kuna hofu isiyotamkwa. Huyu anayeleta wazo la kukimbia, ametumwa na nani? Katika makambi hayo, anayejaribu kutoroka akakamatwa anaweza kuuawa, tena mbele ya wenzake ili wajifunze. Kwa hiyo mtu hafungui moyo wake ovyo. Msichana aliyelazimishwa kuolewa na mpiganaji hawezi kumwambia hata mwenzake wanayepika naye. Mama mwenye watoto wawili anajua kwamba mmoja akilia njiani, wote watatu wamekwisha. Na bomu lenyewe, ambalo mjini linasifiwa kwa kufungua mlango, halichagui kati ya mwasi na aliyembebea gunia la mchele.

Lakini kinachovuruga hesabu kuliko yote ni nguo. Mara nyingi ADF wameingia vijijini wakiwa wamevaa sare za jeshi la Congo. Kila mkaaji wa Oicha, Mbau au Eringeti anajua hilo. Sasa mateka ametembea siku tatu, anafika kwenye barabara ya kitaifa namba 4, anaona mtu mwenye sare na bunduki. Amsogelee, au arudi kichakani? Na askari huyo, ambaye pengine alizika wenzake wiki iliyopita, anaona mtu mwenye nguo zilizochanika, nywele zisizokatwa, asiye na kadi ya uchaguzi ambayo kwa Mcongo ndiyo kitambulisho cha kila siku, akitokea upande ule ule risasi zinakotoka. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mmoja tu kati yao ana bunduki.

Ndiyo maana swali la njia linadanganya kidogo. Mtu wa Beni aliyekulia shambani anaweza kuikuta njia. Asichokijua ni nani amesimama mwisho wake.

Watekaji hawana haja ya uongo mkubwa ili kumzuia. Inatosha kumkumbusha mambo ambayo yeye mwenyewe aliyaona au kuyasikia kabla hajakamatwa. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, imetokea zaidi ya mara moja kwamba umati wa watu ukamkamata mgeni, mtu aliyeshindwa kueleza vizuri anatoka wapi, ukampiga mawe hata kumchoma kwa kumdhani mwasi. Anayekaa porini leo pengine alikuwa mjini siku kama hiyo. Pengine alikuwa katika umati. Sasa ni yeye atakayetokea barabarani bila kadi, bila viatu, akiwa na jina jipya alilopewa huko, maneno ya Luganda mdomoni, na dua alizokaririshwa kwa nguvu.

Hofu ya wakaaji wa mji nayo haikutoka hewani, na haifai kuidharau. Tarehe 27 Juni 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Beni. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo mtu alijilipua mlangoni mwa mahali watu walipokuwa wakisherehekea Noeli, akaua watu. Baada ya siku kama hizo, mama anayemwona kijana asiyemjua amekaa karibu na soko ana haki ya kuuliza. Askari ana haki ya kumpekua anayetoka msituni. Hakuna mtu mwenye akili anayedai kwamba kila anayejiita mateka aachiliwe apite bila kuulizwa.

Kuuliza ni jambo moja, kuhukumu ni lingine. Mara nyingine waliotoroka wanapangwa mbele ya kamera pamoja na wapiganaji waliokamatwa, katika mstari mmoja, na kesho yake picha iko kwenye simu za mji mzima. Anayetazama hajui nani ni nani. Picha hiyo inafika pia kwa watekaji, ambao bado wanashikilia mdogo wake au shemeji yake. Mwanamke anarudi kijijini, jirani anamtazama mtandio kichwani na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo jina lake linakuwa bibi ya ADF. Wanaomwita hivyo wanasahau kwamba Waislamu wa Beni wenyewe wamelipa kwa damu: tarehe 1 Mei 2021 imamu aliyekuwa akihubiri kinyume cha waasi alipigwa risasi, akauawa ndani ya msikiti mjini humo.

Jambo hili Congo ilikwisha kuliona upande wa kaskazini. Watu wa Haut-Uele, kule Dungu, Faradje na Doruma, waliishi miaka na LRA ya Joseph Kony. Katika mwezi wa Desemba 2009 peke yake, eneo la Makombo, watu zaidi ya 300 waliuawa na wengine wengi wakachukuliwa. Mateka wa LRA walikuwa na mabishano yale yale. Waliambiwa kwamba ukirudi utauawa, au utapewa sumu. Uganda ilikuwa na sheria ya msamaha tangu mwaka 2000, lakini sheria haisomeki porini. Kilichofika porini ni sauti. Huko Gulu, redio ilianza kuwaleta waliorudi ili waongee wenyewe, wawataje wenzao waliobaki, waseme niko hai, ninakula, nimemwona mama yangu. Makamanda walipoona watu wanaanza kutoroka, walikataza redio. Walidai pia kwamba wale wanaosikika walilazimishwa kusema na kisha wakauawa.

Uongo huo ulikuwa na nguvu, na dawa yake ilikuwa ya pole pole: sauti ile ile irudi tena hewani mwezi ujao, na mwaka ujao. Aliyekufa haongei juu ya mpira wa Jumapili iliyopita. Baadaye Umoja wa Mataifa na mashirika mengine walitupa vikaratasi kutoka angani na kupitisha ndege zenye vipaza sauti juu ya misitu ya Haut-Uele na nchi jirani ya Afrika ya Kati, wakieleza mahali pa kujitokeza. Palitengwa mahali maalumu. Wakaaji walielezwa kwanza, kwa sababu vijiji vilivyochomwa havikuwa na hamu ya kumpokea yeyote atokaye porini, na walikuwa na sababu.

ADF si LRA. Hawa wanajificha zaidi, wanachanganya lugha nyingi, na wako karibu na miji mikubwa. Hata hivyo shida ya mateka ni ile ile, na sehemu kubwa ya dawa haihitaji ndege wala dola nyingi. Inahitaji kwamba kila kijiji kinachopakana na msitu, kuanzia barabara ya Mbau kwenda Kamango hadi upande wa Mambasa, kiwe na mlango mmoja unaojulikana: parokia, kituo cha afya, au nyumba ya shefu wa kijiji. Anayetoka porini afike hapo kwanza akiwa mikono juu, na hapo awepo mtu ambaye watu wa kijiji wanamwamini, atakayesimama kati yake na umati mpaka jeshi lifike. Askari wa bariyeri ya kwanza wawe wameambiwa hivyo kabla, si baada ya mtu kuanguka kwa risasi.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza mambo kama hayo ni kuwafundisha waasi njia. Waasi wanaijua misitu hiyo vizuri. Wako Congo tangu miaka ya 1990. Wanachokitegemea ni imani ya mateka kwamba hakuna wa kumpokea. Anayetaka kujificha kati ya waliotoroka atafanya hivyo hata leo, bila mlango wowote, na kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakuna anayeandika nani amefika, lini, kutoka wapi.

Kuandika huko ndiko kunakokosekana pia baada ya mahojiano. Mtu anaweza kukaa siku nyingi mikononi mwa idara za usalama, kisha akaachiliwa bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alikwisha kuulizwa na hana kosa. Bariyeri inayofuata anaanza upya. Kwa watoto serkali ilikwisha kujifunga: tarehe 4 Oktoba 2012 ilitia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa unaotaka watoto wanaotoka katika makundi yenye silaha wakabidhiwe kwa wanaowalinda watoto. Mkubwa wa kikosi kilichoko Manguredjipa anapaswa kuujua mpango huo kama anavyoijua ramani yake.

Kuna tena faida ambayo familia nyingi zinaielewa kuliko viongozi. Anayerudi analeta habari. Anajua nani bado yuko hai, nani alifariki kwa malaria, nani alihamishwa kwenye kundi lingine. Mbau inajua uzito wa kukosa habari: usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012 mapadri watatu Waasomsioni walichukuliwa kutoka parokia yao, na miaka imepita jamaa na waumini wakingoja. Kuna nyumba nyingi zisizo na padri zinazongoja vile vile, ila majina yao hayasomwi katika misa yoyote. Aliyepokelewa kama mtu ataongea. Aliyepokelewa kama mhalifu atajifunza kusema sijui, sikuona, sikusikia, na familia ya jirani itabaki bila kujua kama ifanye matanga au iendelee kuweka sahani.

Watu wa kwanza wanaoweza kubadili hesabu ya kule porini ni hao waliorudi, kama wakilindwa. Sauti yao inaweza kupita kwenye redio za Beni, Oicha na Mambasa, kwa Kiswahili, Kinande na Luganda, bila jina na bila picha, wakisema tu kilichowapata tangu siku waliyofika barabarani. Lakini redio haitasaidia kama kilichowapata ni kibaya.

Kwa sasa kakao inaiva na haingoji vita viishe. Kuanzia Oicha hadi Eringeti watu wanaingia mashambani asubuhi kwa kikundi, wanatoka mapema, na njiani wazazi wanawaonyesha watoto wapi pa kukimbilia wakisikia risasi. Hakuna aliyewaonyesha bado, wakikamatwa na siku moja wakapata zile dakika chache, wabishe hodi kwenye mlango upi.