Ajali Haina Kinga?

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyelowea Nairobi. Nakaa Dandora, karibu na reli iendayo Thika. Reli hii ni jamaa yetu: njia kuu ilianza kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na tawi la Thika likafunguliwa 1913. Dandora yenyewe ni mtoto wa miaka ya 1970, viwanja vilipogawiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Reli ilitangulia, nyumba zikaifuata.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, mazungumzo yakaangukia magari ya moshi yaliyokatika breki. Mzee mmoja akayafunga: "Ajali haina kinga." Wote wakaitikia. Mimi sikuitikia, na sababu zangu ni hizi.

Neno "ajali" tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni muda aliowekewa kiumbe, usiotangulia wala kuchelewa. Huo kweli hauna kinga. Lakini siku hizi jina hilohilo twaliita kila breki iliyochakaa na kila daraja lililolika, na methali ya mauti tumeifanya shuka ya kufunikia uzembe.

Tazama nchi jirani, pale Igandu, mkoa wa Dodoma, tarehe 24 Juni 2002. Gari la abiria lenye watu zaidi ya 1,000 lilishindwa na mlima, likarudi nyuma bila breki mpaka likagongana na gari la mizigo. Walikufa watu 281. Hapa kwetu nako, mwezi Januari 1993, mto Ngai Ndethya ulifurika, daraja likavunjika, na gari la usiku litokalo Nairobi kwenda Mombasa likatumbukia. Walikufa zaidi ya 100. Jina la mto huo kwa Kikamba ni dua ya kumwomba Mungu msaada.

Mlima ule ulikuwapo tangu Wajerumani wajenge reli ile. Mto nao haukuzuka siku hiyo. Na tangu karne ya 19 mafundi wamejua kutengeneza breki ya upepo ambayo bomba lake likikatika, magurudumu hujifunga yenyewe. Breki hiyo yataka kukaguliwa tu.

Basi kinga ipo. Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Sisi wa Dandora kamba yetu ni kuacha kuifanya reli uchochoro na kupanga mboga kando ya mataruma. Wenye reli kamba yao ni kukagua breki, na madaraja kabla ya masika, kisha watuambie walichokiona.

Yule mzee nitamrudia, inshallah. Nitamwambia kwa adabu: siku yangu aijua Mola, lakini breki aulizwe fundi.