Katibu Mwenye Viti Viwili

Wako watu wasemao kwamba chama cha wafanyakazi ni silaha ya kumpigia mkoloni tu, na kwamba mkoloni akiisha kuondoka silaha hiyo yafaa iwekwe darini. Maneno hayo yalisikika sana Tanganyika baada ya Uhuru wa 1961, na wasemaji wake wengi walikuwa watu wema. Walakini wema wa msemaji hauinyoshi hoja iliyopinda.

Na watazamwe makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1947 wengi wao walikuwa vibarua: alfajiri kuli husimama kungoja kuchaguliwa, na asiyechaguliwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Akiwa peke yake hakuwa na la kumwambia msimamizi, maana nyuma yake walisimama wengine wenye njaa ile ile. Mwezi Septemba waligoma pamoja. Mgomo ukafuata reli hadi miji ya bara, na ujira ukaongezwa. Haukuongezwa kwa huruma. Huruma, kama ilikuwako, ilikuwako tangu zamani, wala haikuzaa senti moja. Ndipo makuli wakawa na chama chao. Mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine ulioingia ghasia, chama hicho kilivunjwa, na kuli akarudi kuwa mtu peke yake mbele ya msimamizi.

Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana katika shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, na shirikisho hilo likasimama bega kwa bega na TANU katika kudai Uhuru. Kwa hiyo yaliyofuata yanastaajabisha. Mwaka 1962 sheria iliufanya mgomo wa halali uwe jambo la shida mno kupatikana. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari ya mwezi Januari, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikafutwa, na sheria ikaunda chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Basi mfanyakazi mwenye shauri juu ya serikali alimpelekea katibu wake, na katibu akahamia kiti cha pili ili ajijibu.

Watetezi wa NUTA hutaja malipo ya kuachishwa kazi ya 1962 na mfuko wa akiba wa 1964. Ni mambo mema, wala hakuna wa kuyabeza (ingawa lile la kwanza lilitangulia NUTA yenyewe). Lakini wasichanganye mambo mawili: kupewa, na kuwa na mahali pa kudai usipopewa.

Hilo la pili ndilo lililokosekana, na wafanyakazi walilionyesha wenyewe. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipowakataza viongozi kuwa na kiburi, wafanyakazi waliuchukua kwa maana yake. Tangu mwaka huo hadi 1973 kazi ilisimamishwa katika viwanda vingi. Mahali pengine mameneja walifungiwa nje, na wafanyakazi wakaendesha mitambo wenyewe. Mkoloni alikuwa amekwisha kuondoka zaidi ya miaka tisa. Migomo hiyo haikuongozwa na NUTA. Maofisa wake walifika mara nyingi baadaye, kuwasihi watu warudi kazini.