Umaarufu Haulipi Karo

Nakishukuru Chama cha Kiswahili kwa kunigawia ukurasa huu. Najua wengine mtaguna mkisoma, lakini wacha niseme.

Kuna imani imeingia shuleni kama mafua. Ati mtu akishaonekana kwenye runinga, hata mara moja, basi ameomoka. Ukiuliza ameomoka vipi, unaambiwa, "Si atajulikana?" Haya, ajulikane. Halafu?

Mimi nakaa Landless, hapa Thika. Jina la mtaa wetu maana yake ni wasio na ardhi, na wageni hulicheka sana, ingawa siku hizi ploti za huku si za kuchezea. Tuna jirani, kijana mwenye sauti tamu ajabu. Aliingia katika shindano la kuimba lililoonyeshwa na stesheni moja ya runinga. Wiki tatu mtaa mzima ulijaa katika duka la kinyozi kumtazama. Akina mama walimpigia kura kwa pesa zao za simu. Alipotolewa alirudi na fulana, mkoba na mkataba aliotia sahihi, ambao unasema nyimbo alizoimba mle si zake. Leo anafanya kazi ya mjengo upande wa Makongeni. Anapanda ngazi na karai la simiti kichwani, na vijana wanamwita, "Staa! Tuimbie!" Mdogo wake bado hutumwa nyumbani kwa karo kama sisi wengine.

Kinachoniuma si kwamba alitolewa. Kinachoniuma ni zile wiki tatu. Watu wote walimpenda, na hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mtu angeweza kununua kutoka kwake.

Sasa mtazameni Mmarekani Rob Dyrdek. Alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Kettering, jimbo la Ohio. Kazi yake ilikuwa skeitibodi, yaani ule ubao wenye magurudumu manne. (Sisi wa Landless tulifunga beringi kuukuu chini ya mbao tukateremka nazo barabarani, tukachapwa. Yeye alilipwa.) Akiwa kijana wa miaka 16 alikuwa tayari anaucheza kama kazi, na kampuni ya DC Shoes ikatoa viatu vyenye jina lake. Kisha mwaka 2006 MTV ikaanza kuonyesha Rob & Big, kipindi kilichofuata maisha yake pamoja na rafiki na mlinzi wake, Christopher Boykin, ambaye aliaga dunia mwaka 2017.

Hapo ndipo wengi wangeridhika. Gari, picha, kelele, basi. Lakini kipindi chake cha pili, Fantasy Factory, kilichoanza mwaka 2009, kilifanyika ndani ya bohari aliloligeuza kuwa ofisi na uwanja wa michezo, na vituko vingi mle vilihusu biashara alizokuwa akizianzisha. Hebu fikirini! Kampuni nyingine hulipa ili bidhaa zao zitangazwe kwenye runinga. Huyu alilipwa kuonekana, na papo hapo akatangaza mali yake. Mwaka 2010 alianzisha Street League, mashindano ya skeitibodi yenye zawadi nono, kwa hivyo hakubaki mchezaji anayengoja kualikwa. Mwaka 2016 akaanzisha Dyrdek Machine, kampuni ya kulea na kukuza kampuni nyingine.

Najua mtasema huyo ni wa Marekani, huko pesa zinaokotwa. Ni kweli kwamba MTV si stesheni ya kijijini, na mtoto wa Kettering hakuanza na beringi kuukuu. Lakini hata kwetu wapo. Alhuda Njoroge, mnayemjua kama Huddah Monroe, aliiwakilisha Kenya katika Big Brother Africa mwaka 2013. Hakudumu sana katika jumba lile wala hakushinda. Baadaye alianzisha Huddah Cosmetics, akauza rangi za midomo na vipodozi vingine kwa jina lake. Wazazi wengi hawapendi picha zake, na mama yangu ni mmoja wao. Mimi sizungumzii picha. Nazungumzia mtu aliyepata jina kwa muda mfupi akaliweka juu ya kitu kinachouzwa.

Na kabla ya runinga kutapakaa, wanariadha wetu walilijua jambo hili. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya Olimpiki Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, enzi ambazo medali haikuja na hundi. Alifungua duka la vifaa vya michezo Eldoret, akalima, akajenga shule. Moses Tanui alishinda Boston mwaka 1996 na 1998, na mjini Eldoret akajenga hoteli.

Hapa sitawaacha walimu wangu, na naomba radhi mapema. Baadhi yenu husema michezo na sanaa ni za walioshindwa na hesabu. Mwalimu, anayepiga hesabu ya bei ya kiatu, faida na ushuru ni nani? Huyo mcheza ubao alihitaji somo la Biashara kuliko mimi ninayelisoma kwa ajili ya mtihani. Tunafundishwa aina za maduka na kazi za benki, na ni vizuri, lakini sijawahi kuona mkataba halisi ukisomwa darasani mstari kwa mstari. Jirani yangu alimaliza Kidato cha Nne na alama nzuri za Kiswahili na Kiingereza. Bado karatasi ile ilimshinda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha pa kutazama: nyimbo ni za nani, kwa miaka mingapi, na nani anapata nini zikichezwa tena.

Ombi langu kwa chama ni dogo. Shairi tunalotunga kwa tamasha za muziki na mchezo tunaoandika kwa tamasha za drama ni mali. Kenya ina Bodi ya Hakimiliki, na kazi zinaweza kusajiliwa huko kwa jina la watunzi. Mlezi wa chama na mwalimu wa Biashara wakae pamoja Ijumaa moja tu, watuonyeshe jinsi inavyofanyika. Muhula ujao anakuja tena yule mpiga video wa kurekodi michezo yetu, na husikia kuna fomu ambayo nahodha hutia sahihi kwa niaba ya wote. Nimeshamwomba nahodha nakala. Anayetaka tuisome pamoja anipate maktabani saa ya chakula cha mchana, na aje na kalamu nyekundu.