Kaboni Haijafika Kwenye LUKU

Tangu habari za Katavi zianze kusikika redioni, kijiwe chetu cha kahawa hapa Magu kimepata somo jipya. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, kwenye milima ya Ntakata, vinalinda msitu na kulipwa mabilioni ya shilingi za kaboni. Madarasa yamejengwa, zahanati zimejengwa. Ni kweli, sina ubishi. Ubishi unaanza pale mazungumzo yanapotoka msituni na kupanda kwenye nguzo za umeme. Hapo mtu husema kwa uhakika wa aliyeshuhudia, kumbe naye kasikia kwa kondakta wa basi la Musoma. Nimekusanya yale yanayorudiwa sana, niyajibu moja baada ya jingine.

“Kaboni ni mambo ya miti. Miti yetu ilikwisha kwa pamba na ng'ombe, basi hayatuhusu.”

Biashara hii haikuzaliwa msituni. Ilizaliwa kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Itifaki ya Kyoto ya 1997, iliyoanza kutumika 2005, iliziruhusu nchi tajiri kulipia miradi ya kupunguza hewa ukaa katika nchi maskini, kisha zikajihesabia punguzo hilo kuwa lao. Kwa upande wetu, mmoja wa miradi ya mwanzo kabisa kusajiliwa ulikuwa wa dampo la Mtoni, Dar es Salaam: gesi ya taka zinazooza ikusanywe badala ya kuachwa ipae, na itumike kuzalisha umeme. Hapo hakuna mti hata mmoja.

Kuna pia jambo la karibu zaidi. Mto Simiyu unamwaga maji yake Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, hapa hapa mlangoni petu, na maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja, Uganda. Mwaka 2005 na 2006 ziwa liliposhuka, ufukwe ulisogea mbali na watu, na Uganda ikakosa maji ya kutosha kwenye mitambo yake, ikakodi majenereta ya dizeli. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilipokamilika 2012 liliyasukuma pembeni majenereta hayo, na kwa hoja hiyo likasajiliwa katika utaratibu wa Kyoto: kila uniti ya maji imeondoa uniti ya dizeli. Kwa hiyo ndugu yangu wa Magu anayesema kaboni haimhusu, maji yaliyopita kwenye mto wake yalishaandikiwa kaboni ng'ambo ya ziwa, naye hana habari. Upepo wa Turkana kule Kenya, megawati 310, ulisajiliwa kwa njia hiyo hiyo.

“Ulaya walipoweka bei ya kaboni umeme ulipanda. Na sisi utapanda.”

Sehemu ya kwanza ni kweli, na inafaa kuielewa vizuri kabla ya kuikataa ya pili.

Nenda mwaloni alfajiri. Samaki wakihitajika wachache, mnunuzi anatosheka na mitumbwi iliyovua karibu. Wakihitajika wengi, lazima zingojwe boti zilizokwenda mbali, zilizochoma petroli nyingi. Bei itakayomridhisha mwenye boti ya mbali ndiyo bei ya mwalo mzima siku hiyo. Hata mwenye mtumbwi wa tanga, ambaye hakununua petroli hata lita moja, ataichukua. Soko la umeme la Ulaya linakwenda hivyo hivyo. Mtambo wa mwisho unaohitajika, mara nyingi wa gesi au makaa ya mawe, ndio unaopanga bei kwa wote. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha hewa ukaa na kuitaka mitambo iwe na kibali kwa kila tani inayotoa. Ni sawa na kupandisha bei ya petroli: mwenye boti anaongeza bei, mwalo wote unapanda, na mwenye tanga anachekelea. Kicheko hicho hakikuingia kwa bahati mbaya. Ndicho kinachomfanya mtu mwenye fedha afikirie kujenga mtambo wa upepo badala ya wa makaa.

Lakini mwanzoni kulikuwa na kioja. Vibali viligawiwa bure kwa kampuni za umeme, nazo zikamtoza mteja kana kwamba zimevinunua. Kama mwenye boti aliyepewa petroli ya msaada, akauza sangara kwa bei ya petroli ya dukani. Wateja walipiga kelele, na baadaye kampuni nyingi za umeme zikalazimishwa kununua vibali vyao kwenye mnada.

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna mwalo wa umeme. Tuna mnunuzi mmoja, TANESCO, anayezalisha sehemu kubwa mwenyewe na kununua sehemu nyingine kwa mikataba ya miaka mingi, na tuna EWURA inayoidhinisha bei ya kumuuzia mteja. Hakuna kikomo cha hewa ukaa kwa mtambo wowote, hakuna kibali cha kununua. Mtambo wa Nyakato, Mwanza, unaochoma mafuta mazito, haulipi shilingi moja ya kaboni. Hata hivyo ndio unaostahili kuwashwa mwisho, kwa sababu mafuta yake ni ghali kuliko maji na gesi. Kazi ambayo bei ya kaboni inaifanya Ulaya, hapa kwetu bei ya mafuta imeshaifanya.

Mwenye kulalamika kwamba elfu kumi yake imempa uniti chache aangalie makato yaliyoandikwa kwenye risiti yake ya LUKU, umeme wa kulipia kabla: VAT asilimia 18, REA ya umeme vijijini asilimia 3, EWURA asilimia 1, na kodi ya jengo tangu 2021. Kaboni haimo.

“Bwawa la Nyerere litatuingizia mabilioni ya kaboni.”

Hili hupendwa sana, na ndilo linalovunjika haraka. Bwawa hilo la Mto Rufiji lina megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja, na ya kwanza iliingia kwenye gridi Februari 2024. Ni umeme safi. Lakini mnunuzi wa kaboni halipii usafi. Analipia kitu ambacho kisingekuwepo bila fedha yake. Serikali iliamua kulijenga bwawa hili kwa fedha zake, ikasaini mkataba na Wamisri Desemba 2018, ikamwaga zege. Ukienda leo kwa mnunuzi na kumwambia “bila kaboni tusingejenga”, atakuuliza mbona mmeshajenga.

Kisha kuna mtego ambao hata wasomi wetu huusahau. Mradi mpya wa jua au upepo huhesabiwa kaboni kwa kutazama gridi ilivyo chafu. Gridi ikiwa ya dizeli na gesi, kila uniti safi inaondoa uchafu mwingi. Gridi ikijaa maji ya Rufiji, uniti hiyo hiyo ya jua inaondoa uchafu kidogo, hivyo inaandikiwa tani chache. Kwa maneno mengine, bwawa kubwa limeipunguzia miradi midogo inayokuja nyuma yake thamani ya kaboni. Sisemi ni vibaya. Nasema asiyelijua hili atapiga hesabu za mwaka 2015 kwenye gridi ya leo.

“Kaboni ndiyo itakayoleta wawekezaji wa umeme.”

Tupige hesabu ya mfano kwa penseli. Tuchukulie mtambo wa jua wa megawati 5 katika tambarare zetu hizi. Kwa mwaka utatoa megawati-saa kama 8,000. Tuseme kila megawati-saa inaondoa tani 0.4 za hewa ukaa: ni tani 3,200. Tani moja kwa dola 5, mapato ya kaboni ni dola 16,000. Umeme wenyewe ukiuzwa senti 8 za dola kwa uniti ni dola 640,000. Kaboni ni shilingi mbili na nusu kwa kila mia ya umeme. Hata tani ikifika dola 20, ni kumi kwa mia. Ni chumvi ya mboga, na hakuna aliyeshiba chumvi.

Tena ni chumvi inayoyeyuka. Hati za kaboni za miradi ya Kyoto, zilizokuwa zikiuzwa karibu euro 20 mwaka 2008, ziliporomoka hadi chini ya nusu euro mwishoni mwa 2012, kwa sababu uchumi wa Ulaya ulidorora na soko likafurika hati. Vibali vya Ulaya vyenyewe vilikwishaonja anguko kama hilo: kutoka karibu euro 30 mapema 2006 hadi senti chache mwaka uliofuata. Baadaye vilipanda tena, vikagusa euro 100 mwanzoni mwa 2023. Mtambo wa umeme unalipiwa deni kwa miaka 15 au 20. Benki gani itakopesha kwa ahadi ya bei inayocheza hivyo? Waingereza walilitambua hili. Mwaka 2013 wakaweka bei ya chini ya kaboni kwa mitambo yao ya umeme, ambayo soko likianguka inabaki pale pale. Makaa ya mawe yaliyotoa karibu asilimia 40 ya umeme wao mwaka 2012 yakaanza kushuka kwa kasi, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukafungwa Septemba 30, 2024. Kilichofanya kazi ni bei inayotabirika, zaidi ya bei kubwa.

Mwekezaji anayetazama Tanzania anauliza mambo mengine kabisa: mkataba na TANESCO utaheshimiwa? Atalipwa kwa wakati? Kwa fedha gani? Anakumbuka sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Anakumbuka na mgogoro wa mtambo wa IPTL. Jirani zetu wa Kishapu, Shinyanga, wanajengewa mtambo wa jua uliopangwa kufika megawati 150, hamsini zikitangulia. Kilichouanzisha ni mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, deni la kawaida lenye riba na tarehe.

Nitakubali jambo moja. Pale ambapo bei ya kaboni ingegeuza uamuzi wetu ni kati ya gesi na makaa ya mawe. Makaa hutoa takriban tani moja kwa megawati-saa, gesi nusu yake au pungufu. Kaboni ikiwa dola 10 kwa tani, uniti ya makaa inaongezeka senti moja ya dola, kama shilingi 25. Mtambo wa Mchuchuma, uliozungumzwa tangu mkataba wa 2011 kuwa utakuwa wa megawati 600, ungelazimika kuibeba hesabu hiyo. Lakini makaa ya Afrika Mashariki hayakungoja soko la kaboni. Mtambo wa makaa wa Lamu ulizuiwa na baraza la rufaa la mazingira la Kenya mwaka 2019, na mwaka 2021 China ikatangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake.

“Ni ruhusa tu ya Mzungu kuendelea kuchafua.”

Mara nyingine, ndiyo. Hati ya mradi ambao ungejengwa hata bila fedha hiyo ni karatasi ya uongo, na ziliuzwa nyingi. Ndiyo maana kanuni za Mkataba wa Paris, zilizokamilishwa Glasgow 2021, zinataka tani ikiuzwa kwa nchi nyingine ifutwe kwenye hesabu ya muuzaji. Hapo tuwe macho. Tanzania imeahidi kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na ambavyo ingekuwa bila hatua yoyote. Tukiziuza tani rahisi, zile ngumu na za gharama tutabaki nazo wenyewe. Kanuni zetu za biashara ya kaboni za 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kazi yake mojawapo ni hiyo ya kushika daftari.

“Basi Magu hatuna chetu.”

Tunacho, ila kiko jikoni. Kijijini tunapika kwa kuni na mabua ya pamba, mjini kwa mkaa. Anayehamia jiko la umeme anaokoa, kwa makisio ya kawaida, tani moja au mbili kwa mwaka. Kwa dola 5 hadi 10 kwa tani, ni kati ya shilingi 12,500 na 50,000, kabla mwenye mradi hajakata chake.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza maharage, aliniomba nimpigie hesabu hiyo. Anatumia uniti 60 kwa mwezi, yuko daraja la matumizi madogo: kwa bei za EWURA za 2016, uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato. Bili yake ni 6,000. Akipikia umeme kila kitu ataongeza uniti 30 hivi, afike 90. Uniti za juu ya 75 ni shilingi 350, na akizoea kuzidisha anahamishiwa daraja la kawaida, 292 kwa kila uniti: 26,280 kwa mwezi. Tofauti kwa mwaka inapita shilingi 240,000. Ataokoa mkaa, ni kweli, lakini ile elfu hamsini ya kaboni hata ikimfikia yote haimvushi.

Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza zimebaki uniti ngapi kabla ya 75. Nikamwambia kumi na tano. Maharage kwenye presha kuka ya umeme hayamalizi uniti moja. “Basi maharage nitapikia umeme siku moja moja,” akasema, “ugali ubaki kwenye mkaa.”