Kirangozi si Mnyapara

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini njia ni kongwe kuliko chuma. Misafara iliikata nchi hiyo kupitia Rubuga na Kigwa ikielekea Kazeh na Ujiji, na vitambaa na shanga zake aghalabu vilikopeshwa na matajiri wa Unguja. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili. Wengi huku visiwani humdhania kuwa alikuwa mtumwa. La hasha! Wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao, na posho ilipopunjwa walijua kuutua mzigo chini na kukataa kuondoka. Mbele yao alitangulia kirangozi na bendera yake, mmoja wao, waliyemchagua wenyewe, akiwasemea kwa tajiri juu ya mwendo na kituo. Mnyapara wa misafara ya pwani alikuwa mtu mwingine kabisa: aliajiriwa na tajiri ili awahimize.

Walimu wa Goweko, kama wenzao wa nchi nzima, wanahitaji kirangozi. Historia imewapa wanyapara mara nyingi mno. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama huru vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alidai na akajikatalia! Ikaja JUWATA, ikafuata OTTU, na ni mwaka 1993 tu ndipo Chama cha Walimu Tanzania kilipoandikishwa.

Tabora yenyewe ilitoa jaribio kubwa la chama hicho. Margaret Sitta, mwalimu ambaye baadaye angekuwa mbunge wa Urambo, alikuwa Rais wa CWT, na mwaka 1996 haukuwa na ndoto kubwa kama iliyotimia mwaka 2006: kiongozi wa walimu akakabidhiwa Wizara ya Elimu. Walioshangilia walikuwa na sababu. Sauti ya mwalimu, walisema, sasa imeingia Baraza la Mawaziri. Sitta alikaa Wizarani hadi mwanzoni mwa 2008, na Oktoba ya mwaka huo huo walimu walikuwa wakitangaza mgomo kwa madai yao yaliyolimbikizwa, na mahakama ikauzuia. Hapana haja ya kumlaumu mama huyo. Waziri huapa kuitumikia serikali, naye hawezi kuwa kirangozi tena hata akitaka. Kosa ni la wale walioamini kwamba mtu wao akipanda ngazi, basi wao wote wamepanda.

Mgomo wa pili ulianza tarehe 30 Julai 2012. Madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 pamoja na posho za kufundishia na za mazingira magumu. Haikupita wiki, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaubatilisha. Madai yalikuwa ya haki, lakini yote yalihusu mfuko. Nani aligoma mwaka 2005, Wizara chini ya Joseph Mungai ilipounganisha Fizikia na Kemia kuwa somo moja? Somo hilo lilikuja kutenganishwa tena, na katikati ya amri hizo mbili alisimama mwalimu na chaki yake, akifundisha asichoulizwa. Nani aliketi na walimu kuhesabu madawati kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016?

Wapo wanaojibu kwamba mitaala ni kazi ya wataalamu, mwalimu atekeleze. Hoja hii inasemwa kwa upole na ndiyo maana ni hatari. Pendekezo la ILO na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba, lilitaka vyama vya walimu vishirikishwe katika kuamua sera za elimu. Kila mwaka tarehe hiyo husherehekewa kwa fulana na hotuba, na pendekezo lenyewe halisomwi.

Tena kuna asilimia mbili. Mwalimu hukatwa asilimia mbili ya mshahara wake kwa ajili ya chama, na sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu chama chenye wengi kupata makato hata kwa asiye mwanachama. Fedha hizo zimejenga majengo na kusaidia kuanzisha benki. Pia zimempa kiongozi raha ambayo kirangozi hakuijua: wafuasi wake wakimkimbia usiku, asubuhi bado wanamlipa. Si ajabu vikazuka vyama vingine, kama CHAKUHAWATA.

Dawa haiko mbali. Sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma ya 2003 iliweka mabaraza ya pamoja ya serikali na watumishi. Kiongozi wa walimu wa Uyui na alidai kikao, na ajenda ya kwanza iwe mtaala, idadi ya wanafunzi darasani na uhamisho, mshahara ufuate. Mwakilishi wa kila shule achaguliwe na wenzake, aendelee kushika vipindi vyake, na akirudi kutoka kikaoni asome muhtasari mbele ya walimu waliomtuma, Goweko kwanza, kabla haujapelekwa Dodoma.