Mwia Hageuzwi Mwombaji

Neno ombi lina heshima yake, lakini kila neno lina mahali pake. Mtoto humwomba mzazi, maskini humwomba tajiri, na mja humwomba Mola wake. Nchini Marekani, askari mkongwe aonaye daftari la utumishi wake limeandikwa kwa makosa, au nishani aliyoistahili haikutajwa ndani yake, naye huhesabiwa mwombaji. Hujaza karatasi, huipeleka mbele ya bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, kisha hungoja. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanasheria. Walakini nathubutu kusema kuwa neno hilo limekosewa, na kosa la neno limezaa dhuluma. Mtu aliyekwisha kutoa ujana wake, na pengine damu yake, haombi bali anadai. Yeye ndiye mwia, na dola ndiyo mwiwa.

Itazameni sheria yenyewe. Askari amepewa miaka 3 tangu kuligundua kosa, ingawa bodi yaweza kumsamehe aliyechelewa. Bodi huanza kwa kudhani kuwa karatasi ya serikali ni sahihi, na mzigo wa kuonyesha kinyume chake hutwikwa askari. Aliyeshika kalamu hadaiwi kitu. Asiyeishika ndiye atakiwaye ushahidi!

Ushahidi huo utatoka wapi? Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghala la serikali la kumbukumbu za askari, karibu na mji wa St. Louis. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliangamia. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya mwaka 1912 na 1960, majalada 80 katika kila 100 yaliteketea, wala hapakuwa na nakala. Nyumba ilikuwa ya serikali, na amana ilikuwa mikononi mwake. Hata hivyo mzee aliyepigana akiwa kijana ndiye aambiwaye atafute barua za zamani, picha, na wenzake waliosalia hai, ili kuziba pengo ambalo hakulifanya. Sijui mfanyabiashara gani angethubutu kumjibu hivyo mtu aliyeweka mali kwake.

Wako wasemao kuwa mlango ukifunguliwa wataingia waongo. Kweli, waongo wapo. Lakini ipo sheria ya mwaka 2013 ya kumwadhibu ajidaiye kuwa na nishani ili ajipatie faida. Mwongo na ahukumiwe kwa sheria hiyo. Mkweli asitozwe faini ya mwongo. Nionavyo mimi, jalada likipotea mikononi mwa serikali, kiapo cha askari pamoja na shahidi mmoja au hati moja vingetosha, mpaka serikali yenyewe ionyeshe kuwa si kweli.

Na wadhanio kwamba ushahidi ukiwapo haki haikawii, nawasihi wamfikiri Henry Johnson, mtu mweusi, mchukuzi wa mizigo katika stesheni ya reli ya Albany. Mwezi wa Mei 1918, usiku, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, yeye na mwenzake Needham Roberts walivamiwa zamuni na kikosi cha Wajerumani. Johnson alipigana kwa mabomu ya mkono, kwa bunduki, na mwisho kwa kisu, akamwokoa mwenzake asitekwe, naye akapata majeraha 21. Wafaransa walimpa nishani yao. Jeshi la nchi yake halikumpa hata moja mpaka alipokufa mwaka 1929. Ya kwanza, ile ya majeruhi, ilikuja mwaka 1996, miaka 67 baada ya kifo chake. Nishani kuu kuliko zote ilichelewa zaidi, na Bunge lilipasa kwanza kutunga sheria ya kuondoa ukomo wa muda. Moja ya hati zilizolifufua shauri lake ilikuwa taarifa ya Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, iliyoandikwa siku chache tu baada ya pambano lile. Serikali ilikuwa imejiandikia ushahidi yenyewe, ikausahau.

Rais Obama alimtunuku nishani hiyo tarehe 2 Juni 2015. Aliipokea askari mwingine kwa niaba yake, maana hakujulikana jamaa yake hata mmoja.